Nduna Haendi Mpitimbi

Nyumbani kwa Urban, pale Mshangano, mjini Songea, waliishi watu watatu na paka mmoja. Urban ni mkulima wa mahindi. Mke wake ni Eufrasia, ambaye majirani humwita Mama Ida, kwa jina la binti yao anayesoma shule ya bweni. Mtu wa tatu ni mama yake Urban, Bibi Kunegunda. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

Paka aliitwa Nduna. Kwa Wangoni wa zamani, nduna alikuwa mkubwa aliyeongoza watu chini ya chifu. Paka huyu alilistahili jina hilo. Alitembea uani polepole, mkia juu, akikagua kila kitu. Stoo ya mahindi ilikuwa mali yake. Panya aliyeingia humo hakutoka.

Kila jioni Eufrasia alisonga ugali. Haukuwa ugali wa kubahatisha. Ulikuwa mkubwa, mgumu, wenye heshima. Na katika nyumba ile, mtu akiacha ugali kwenye sahani, mpishi huumia. Huuliza, "Kwani nimekukosea nini?"

Hapo ndipo Bibi Kunegunda alipopata shida. Hospitali walimwambia ana kisukari. Walimpa vidonge. Wakamwambia apunguze ugali, aache uji wa sukari na togwa, kile kinywaji kitamu cha nafaka, ale mboga nyingi. Vidonge alimeza. Lakini hakuwa na moyo wa kumwambia mkwewe, "Mwanangu, nipakulie kidogo." Mwanamke asiyemwogopa mtu yeyote Mshangano aliogopa sahani ya ugali!

Kwa hiyo alitafuta njia. Tonge moja lilikwenda kinywani. Tonge la pili lilikwenda chini ya kigoda, kwa Nduna. Alilichovya kwanza kwenye mchuzi ili paka asikatae. Togwa nayo aliimwaga kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, paka akalamba. Sahani ilirudi jikoni nyeupe. Eufrasia alifurahi. Nduna alinenepa mpaka tumbo likakaribia kugusa chini.

"Paka wenu ana afya!" jirani yao Lidwina alisifu kutoka upande wa pili wa uzio.

Kumbe hakuwa na afya.

Mwaka huo, kabla ya mavuno, Nduna alianza kunywa maji. Alikunywa kwenye ndoo. Alikunywa kwenye beseni la kufulia, na povu lake. Alikojoa kila mahali. Alikula sana, lakini alikonda. Mgongo ukatoa mifupa. Baadaye akaanza kutembea vibaya. Miguu ya nyuma ililala, akawa anakanyagia visigino.

Bibi Kunegunda alimwona anakonda, akamwongezea ugali. Alimwona hana nguvu, akampa uji wenye sukari. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kila alipomwongezea, Nduna alizidi kukonda.

Asubuhi moja Urban alitoka stoo akiwa amekunja uso.

"Gunia zima limelowa mkojo!" alipaza sauti. "Mahindi ya kuuza! Na panya wanacheza humo mchana kweupe. Huyu paka amekwisha."

"Anaumwa," alisema Bibi Kunegunda.

"Basi Jumamosi naenda shambani Mpitimbi. Anaingia kwenye kiroba."

Mshangano nzima inajua maana ya maneno hayo. Paka asiyetakiwa hufungwa kwenye kiroba ili asione njia. Kisha huachwa mbali, porini au kwenye mashamba ya watu. Wanaofanya hivyo hujiona wana huruma, kwa sababu hawajamuua. Mimi siioni huruma hapo. Paka mgonjwa aliyetupwa porini hufa, ila tu anafia mahali ambapo hatumwoni.

Bibi Kunegunda aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kanga. Alimwinamia Nduna, akambeba mgongoni, akafunga kanga kifuani kama anayebeba mtoto.

"Nduna haendi Mpitimbi," alisema.

"Mama, huyo ni paka."

"Najua ni paka. Mkia wake nauona."

"Watu watatucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Alikwenda kukaa mlangoni pa stoo, paka mgongoni. Alikaa hapo mpaka jua likawa kali. Urban alizunguka uani, akarudi, akazunguka tena. Hakuwa na la kufanya. Nani atamfungua mama yake kanga kwa nguvu?

Eufrasia ndiye aliyepata akili ya kwenda kwa Dorine. Dorine ni daktari wa mifugo. Alihamishiwa Songea kikazi kutoka Singida, akapanga nyumba ya nyuma yao. Watu walimjua kwa ng'ombe na nguruwe. Hakuna aliyewahi kumwitia paka.

"Hodi hapa! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa yuko mgongoni."

Dorine hakucheka. Alimchukua Nduna taratibu, akamweka kwenye mkeka. Akamgusa mbavu. Akamtazama miguu.

"Anakunywa maji sana?"

"Anamaliza ndoo," alisema Eufrasia.

"Na mkojo?"

"Muulize mwenye magunia," alisema Bibi.

"Anakula?"

"Sana. Lakini chakula hakionekani kinakokwenda."

Dorine alitoa kipimo kidogo. Alichoma sikio la Nduna kidogo tu, akapata tone la damu. Bibi Kunegunda alisogea karibu.

"Hiki nakijua," alisema. "Hospitali wananichoma nacho kidole."

"Ni cha namna hiyo hiyo, Bibi. Sukari yake iko juu sana. Lakini paka akiogopa, sukari hupanda yenyewe. Kwa hiyo nitapima na mkojo, nisije nikakosea."

Haikuwa kazi ngumu kupata mkojo wa Nduna. Dorine alipima, akatikisa kichwa.

"Nduna ana kisukari."

Urban alicheka kicheko kikavu. Lidwina naye alikuwa amesimama kwenye uzio tangu mwanzo. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Paka ana kisukari! Kesho mtatuambia kuku ana presha!"

"Umeona, Mama?" alisema Urban. "Tena ugonjwa wenyewe hauponi. Hafanyi kazi, anakula bure, anachafua. Wa nini huyu? Twende naye Mpitimbi, tumalize."

Bibi Kunegunda alimgeukia mwanawe. Sauti yake kubwa haikusikika. Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ilitisha zaidi.

"Na mimi nina kisukari, Urban. Silimi tena. Panya sikamati. Nakula chakula chako. Mimi unanipeleka wapi?"

Lidwina aliacha kucheka.

"Mama, usiseme hivyo," alisema Urban.

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nimeuliza tu."

Urban alitazama chini. Mwisho akasema, "Mkae na paka wenu. Lakini senti yangu haitoki."

"Nani amekuomba?" alisema Bibi. "Nina kuku wangu."

Urban alikwenda zake stoo. Dorine aliomba maji ya kunawa mikono, kisha akauliza swali ambalo Bibi hakulipenda.

"Paka huyu anakula nini?"

"Panya," alisema Bibi haraka.

"Panya peke yao hawamfikishi hapa. Niambieni ukweli, nipate kumsaidia."

Bibi Kunegunda alivuta pumzi. Halafu alieleza yote. Alieleza matonge ya chini ya kigoda. Alieleza togwa na uji. Eufrasia alisikiliza akiwa ameshika shavu. Machozi yalimlengalenga.

"Mama! Kwa nini hukuniambia? Ningekupakulia kidogo!"

"Ungeuliza umenikosea nini."

Eufrasia alitaka kubisha. Lakini ni kweli angeuliza.

"Kwa hiyo nimemuua mwenyewe," alisema Bibi.

"Hajafa, Bibi," alisema Dorine. "Na si ugali peke yake. Umri umo, unene umo, na mwili wake umo. Paka dume mnene hupata kisukari kwa urahisi. Lakini ugali na togwa vimemwongezea. Sikilizeni. Mwili wa paka umeumbwa kula nyama. Nguvu zake anazipata kwenye protini na mafuta. Wanga mwingi, yaani ugali, wali, mkate na uji, mwili wake hauwezi kuutumia vizuri. Unageuka sukari kwenye damu. Sukari inatoka na mkojo. Ndiyo maana anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda huku anakula."

"Nimgawie vidonge vyangu?" aliuliza Bibi.

"Hapana! Kabisa, Bibi. Dawa ya mtu usimpe paka kwa kukisia. Unaweza kumuua siku hiyo hiyo. Mimi nitampa sindano ya insulini, kipimo kidogo, na nitawafundisha kumchoma. Lakini sindano bila chakula sahihi ni kazi bure."

"Chakula gani?"

"Chakula laini cha kopo, chenye wanga kidogo."

"Ee, Yesu na Maria!" alisema Eufrasia. "Hicho si cha paka wa matajiri?"

"Ghali kipo na rahisi kipo. Anayeuza atakuonyesha cha ghali kwanza. Lazima ujue kuchagua. Njooni niwaonyeshe."

Dorine alikwenda kwake, akarudi na kopo tupu. Yeye mwenyewe anafuga paka. Aliligeuza nyuma.

"Mbele ya kopo kuna picha na maneno matamu. Achana nayo. Ukweli uko nyuma, kwa herufi ndogo. Hapa wameandika protini, mafuta, maji, nyuzinyuzi na majivu. Majivu maana yake ni madini. Mama Ida, jumlisha zote."

Eufrasia alisoma akijumlisha kwa vidole. "Kumi, na sita, na sabini na tisa, na moja, na mbili. Tisini na nane."

"Toa kwenye mia."

"Mbili."

"Hiyo mbili ndiyo wanga. Wenye viwanda wengi hawauandiki. Wewe unautafuta mwenyewe. Kwa chakula laini, ikibaki mbili au tatu, nunua. Ikibaki saba au nane, rudisha. Majivu yasipoandikwa, weka mbili."

"Kumbe hesabu ya darasa la tatu!" alisema Bibi.

"Ndiyo. Halafu angalia vitu vinne. Nyama au samaki aandikwe mwanzo kabisa. Ngano, mchele, mahindi na sukari visiwepo. Chagua kile cha kusagwa kilichoshikana, usichague chenye vipande na mchuzi mzito, kwa sababu mchuzi huo huwa unakazwa kwa unga. Na hakikisha pameandikwa kwamba ni chakula kamili. Vingine ni vya kuonja tu, haviwezi kumlisha paka kila siku."

"Na kile kikavu cha kwenye mfuko?" aliuliza Eufrasia. "Nimekiona dukani. Ni rahisi zaidi."

"Ni rahisi, lakini hakiwezi kushikana bila wanga. Piga hesabu ukikiona, utashangaa."

"Siwezi kumchemshia dagaa tu?"

"Dagaa wa Nyasa wasio na chumvi, waoshe, wachemshe, mpe kidogo juu ya chakula cha kopo. Moyo wa kuku, vivyo hivyo. Hiyo itapunguza gharama. Lakini nyama peke yake kila siku haimtoshi, kuna virutubisho atavikosa. Na jambo moja jingine. Haya ni ya Nduna, kwa sababu nimempima mkojo na sioni dalili ya ugonjwa wa figo. Paka mwenye ugonjwa wa figo ana chakula chake tofauti. Mtu asimwige Nduna bila kuuliza daktari."

Siku iliyofuata Bibi Kunegunda aliuza majogoo wake wawili. Kisha yeye na Eufrasia walikwenda mjini, kwenye duka la dawa na vyakula vya mifugo. Mwenye duka aliitwa Yohanes. Alikuwa na maneno mengi na mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma.

"Karibuni, mama zangu! Chakula cha paka? Huu hapa." Alishusha mfuko mkubwa wenye picha ya paka mweupe aliyevaa taji. "Hiki ndicho wanakula paka wa wakubwa."

"Paka wangu ni mkubwa tayari," alisema Bibi. "Mama Ida, geuza nyuma."

Eufrasia aligeuza mfuko. Alisoma, akajumlisha. "Sitini. Kwa hiyo wanga ni arobaini."

"Karibu nusu ya mfuko!" alisema Bibi. "Huu si chakula cha paka, huu ni ugali wenye picha. Rudisha juu."

Yohanes alicheka kidogo. Akaleta pakiti ndogo zinazong'aa. "Basi hizi. Laini kabisa, zina mchuzi. Paka analamba mpaka pakiti."

Eufrasia alijumlisha tena. "Tisini na tatu. Imebaki saba. Na ngano ipo."

"Rudisha."

"Mama, huku wateja hawasomi nyuma," alisema Yohanes. Sasa hakuwa anacheka.

"Sisi tunasoma. Yale makopo ya chini kabisa ni ya nini?"

Yalikuwa makopo makubwa, ya kawaida, yenye vumbi. Hayakuwa na taji wala rangi ya dhahabu. Eufrasia alilipangusa moja kwa kanga yake. Nyama mwanzo. Ngano hakuna, mchele hakuna, mahindi hakuna, sukari hakuna. Chakula kamili. Alijumlisha mara ya kwanza, akarudia.

"Imebaki mbili, Mama!"

"Na bei?"

Yohanes alitaja bei. Kwa uzito ule ule, ilikuwa chini ya nusu ya bei ya pakiti zinazong'aa.

"Hayo hayana soko," alisema Yohanes. "Watu wanapenda picha."

"Leo yamepata soko," alisema Bibi.

Walianza siku hiyo hiyo, lakini polepole. Dorine alionya kwamba paka mgonjwa hashindishwi njaa, hata siku moja. Akigoma kula, daktari aitwe mapema. Kwa hiyo mwanzoni walichanganya kidogo cha kopo na chakula alichozoea, wakawa wanaongeza cha kopo na kupunguza ugali. Nduna alinusa, akamtazama Bibi kama aliyetukanwa, akala. Kopo likifunguliwa, Eufrasia alilihamishia kwenye bakuli lenye mfuniko, akaliweka kwenye friji, akamaliza kabla halijaharibika. Bibi alimchoma sindano kila asubuhi na jioni, baada ya paka kula.

"Mimi ndiye najua sindano inavyouma," alisema. "Namchoma kwa adabu."

Nduna alianza kupungua kiu. Dorine aliposikia hivyo alisema, Urban akiwa pale stoo anasikia, "Vizuri. Ugali umetoka, sukari itashuka. Mleteni nimpime, maana kipimo cha dawa kitapungua. Msichelewe. Sukari ikishuka mno, nayo inaua. Mkimwona anatetemeka au anayumba, mpakeni asali kwenye fizi, halafu mje mbio."

Lakini mavuno yalikuwa yamefika. Mahindi yalikuwa uani, yanapigwa na kupepetwa. Bibi alipotaka kumpeleka Nduna, Urban alisema, "Mama, nisaidieni kwanza. Paka atakwenda kesho." Kesho yake akasema hivyo tena.

Siku ya tatu, Bibi na Eufrasia walikwenda hospitali, kliniki ya Bibi. Urban alibaki peke yake. Alikuwa anashona magunia aliposikia kitu kimeanguka. Ni Nduna. Alikuwa ubavuni, miguu inatetemeka, macho yametazama ukutani.

Urban alisimama. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Angeweza kuendelea kushona magunia yake, na jioni angesema, "Nimemkuta amekufa." Nani angembishia?

Alitupa sindano ya magunia, akakimbilia jikoni. Alishusha chupa ya asali kutoka kwenye rafu, akachovya kidole. Akampaka Nduna kwenye fizi, upande huu, upande ule. Hakummiminia kooni. Kisha akamweka ndani ya shati lake na kukimbia. Alipita mbele ya Lidwina bila kumsalimia.

Dorine alimpima Nduna hapo hapo. Sukari ilikuwa chini sana. Alimpa dawa, akakaa naye mpaka paka akainua kichwa na kulia kidogo.

"Asali imemwokoa," alisema Dorine. "Niliwaambia mumlete mapema. Nani alisema kesho?"

"Ni mimi," alisema Urban. Shati lake lilikuwa na asali, manyoya na mkojo. "Daktari, nisamehe. Nilidhani ni mchezo wa wanawake."

"Usiniombe mimi msamaha. Mwombe mama yako."

Alimwomba, jioni hiyo, mbele ya mkewe. Bibi Kunegunda hakumrahisishia. "Nimesikia," alisema. "Kesho utaamka wewe, umpe chakula, umchome sindano. Nitasimama nyuma yako."

Dorine alipunguza dawa. Akapima, akapunguza tena. Kabla ya mvua za kwanza, aliisimamisha kabisa.

"Asidanganyike mtu," alisema. "Si kila paka hufika hapa. Na ugonjwa unaweza kurudi. Kinachomshikilia Nduna ni chakula. Siku mtakayorudisha ugali, nitarudisha sindano."

Miguu ya Nduna ilinyooka. Alirudi stoo, na panya wakajua amerudi. Makopo ya Yohanes yalipokwisha, Dorine na wafugaji wengine wa paka waliungana wakaagiza boksi zima kutoka Dar es Salaam. Kwa boksi bei ilishuka zaidi. Aliyekwenda kulipokea stendi alikuwa Urban.

"Mzee, hii yote ni ya nini?" wapakia mizigo walimuuliza.

"Chakula cha paka," alijibu Urban kwa sauti. "Cha paka wa mama yangu. Mna swali?"

Hawakuwa na swali.

Jumamosi moja jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwao. Baada ya sala chakula kikaletwa. Eufrasia alimpakulia Bibi Kunegunda mbele ya wote: ugali mdogo, mboga za majani nyingi, maharage na dagaa. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee Leonce, aliitazama sahani ile.

"Mama Ida, mbona unamnyima mama mkwe wako? Ugali umewaishia?"

Watu walicheka. Eufrasia aliinamisha kichwa. Lakini Bibi Kunegunda alisimama, sahani mkononi.

"Hajaninyima. Nimemwambia mimi mwenyewe anipakulie hivi. Nina kisukari. Mwaka mzima nilikuwa naficha matonge chini ya kigoda kwa kuwaogopa nyinyi na maneno yenu. Nusura nimuue paka wangu, na mimi mwenyewe nijimalize. Sasa basi. Kiu isiyokwisha, mkojo wa kila saa, kukonda huku unakula: hizo ni dalili, kwa mtu na kwa paka. Anayetaka kucheka acheke sasa, mimi nakula."

Akakaa, akala. Hakuna aliyecheka. Mzee Leonce alikohoa, akaomba apitishiwe mboga.

Watu walipoondoka, Lidwina alibaki na Bibi Kunegunda. Alisema anasaidia kuosha vyombo. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu.

"Mama," alisema mwishowe, "ile kiu ya Nduna ilianzaje?"

"Kidogo kidogo. Halafu ikawa haikatiki."

"Na alikuwa anakula kama kawaida?"

"Zaidi ya kawaida. Kwani umefuga paka, Lidwina?"

Lidwina alitikisa kichwa. Aliweka sahani chini. Kanga yake ilikuwa imemzunguka kiunoni mara mbili, na zamani ilikuwa haimfikii.

"Ni mimi, Mama. Naamka kila mara kunywa maji. Naogopa. Nilivyowacheka nyinyi, watu watanicheka mimi."

Bibi Kunegunda alifuta mikono, akamshika bega.

"Wakikucheka, watanikuta nimekaa pembeni yako," alisema. "Kesho kutwa asubuhi nakupitia, twende hospitali. Usinywe chai kabla, sukari hupimwa tumbo likiwa tupu. Na ukijificha, Lidwina, nitakuja na kanga, nikubebe mgongoni."